Mathe Hayuko Kwenye Grafu

Wacha nianze kwa kukiri: sikwenda kwa hiyo warsha kusoma. Nilienda kushika kamera.

Kuna chuo kikuu hapa Nairobi, jina naliacha, chenye msururu wa warsha za utafiti wa sheria na fedha. Kila baada ya wiki mbili, Jumatano saa nane mchana, mtu mmoja analeta utafiti ambao bado haujaiva, anausimamisha mbele ya wenzake kwa saa moja na nusu, na wenzake wanautafuna. Si ugomvi, lakini ukiingia bila kuambiwa utadhani kuna mtu ameiba kitu. Msee anakatwa kwa swali kabla hajamaliza slaidi ya pili. Kazi yangu ilikuwa kurekodi warsha tatu, nikate video fupi za dakika moja moja, nilipwe, niende zangu. Nilijua nitasinzia nikiwa nimesimama.

Siku ya kwanza nilihesabu watu: 11, ukijumlisha mimi na fundi wa projekta. Chumba ni cha watu 60. Sambusa nazo zilikuwa za watu 60, kwa hivyo upande huo sina malalamiko.

Sasa hiyo "sheria na fedha" ni mnyama gani? Swali lenyewe ni rahisi hadi mtu wa bodaboda analijua. Nikikupa doo yangu leo, ni nini kinanihakikishia utanirudishia kesho? Jibu la kijijini: najua kwenu. Jibu la chama: una mdhamini, na ukihepa tunakuja kubeba kochi. Jibu la benki: mkataba, mahakama, dalali. Hawa watafiti wanachimba hilo jibu la tatu. Wanauliza sheria ikibadilika kidogo tu, pesa inaenda kwa nani na inamkimbia nani.

Mwanzo wa mambo haya, venye nilielewa, ni karatasi moja ya 1998 iliyoandikwa na watu wanne, Rafael La Porta, Florencio Lopez-de-Silanes, Andrei Shleifer na Robert Vishny. Walichukua nchi 49 wakazipanga kulingana na asili ya sheria zao: Waingereza huku, Wafaransa kule, Wajerumani na watu wa Skandinavia katikati. Halafu wakazipa alama. Wakasema nchi zilizorithi sheria za Kiingereza zinamlinda mwenye pesa zaidi, na zile za Kifaransa zinamlinda kidogo zaidi ya wote. Watu wamebishana kuhusu hiyo karatasi hadi leo, na mle chumbani walibishana tena kama vile imetoka jana.

Kenya iko ndani ya hizo 49. Tuko upande wa Waingereza, bila shaka. Sheria zetu bado zina kifungu kinachotaja sheria za Uingereza jinsi zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Manze, 1897! Reli ilikuwa bado haijafika Nairobi.

Na unajua tulipata ngapi kwa haki za mkopeshaji? 4 kwa 4. Alama zote. Yaani kampuni ikianguka, sheria yetu ya wakati huo kwenye karatasi ilimruhusu mwenye kudai ashike mali aliyowekewa rehani, alipwe kwanza, na wale mabosi walioiangusha wasiendelee kukalia viti. Mwanafunzi mmoja wa uzamili akacheka, akasema hii ndiyo mitihani pekee Kenya ilipita bila kuiba. Nami nikacheka nyuma ya kamera. Baadaye nikiwa kwa matatu narudi Umoja ndipo kicheko kikaniisha. Alama 4 kwa 4 za kumlinda anayekopesha. Anayekopa naye je? Kuna mtu aliwahi kumpimia alama zake?

Hilo swali ndilo limenifanya niandike hii kitu.

Warsha ya pili ilikuwa kuhusu kikomo cha riba. Wale wenye umri wangu mnakumbuka. Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria iliyoletwa na Jude Njomo, aliyekuwa mbunge wa Kiambu Mjini. Benki hairuhusiwi kutoza zaidi ya pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Wakati huo kiwango cha Benki Kuu kilikuwa 10.5%, kwa hivyo kikomo kikawa 14.5%, na Septemba hiyo hiyo kikashuka hadi 14%. Kabla ya hapo watu walikuwa wanalipa 17, 18, na wengine zaidi. Nilikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wa biashara aliingia darasani na gazeti akalisoma kama habari njema, na tukapiga makofi. Nami nilipiga. Benki zilikuwa zimetuzoea, na hapo hatimaye kuna mtu alikuwa amezigusa.

Mtoa mada alikuwa dada mmoja anayefanya uzamifu, sauti ya chini, mikono inatetemeka kidogo. Akaweka grafu. Baada ya sheria, idadi ya mikopo ya benki inashuka, na ukubwa wa mkopo wa kawaida unapanda. Hiyo si siri yake, Benki Kuu yenyewe ilishaandika hivyo kwa ripoti ya 2018. Maana yake ukiitoa kwenye lugha ya grafu ni hii: benki iliangalia mkopaji mdogo, ikaona kwa hiyo 14% hatari yake hailipi, ikamwacha. Ikapeana mikopo michache mikubwa kwa watu wanaojulikana, na pesa nyingine ikaikopesha serikali, ambayo haihitaji kuulizwa mdhamini.

Hapo mzozo ukaanza, na lazima niseme ulikuwa mtamu kuliko mechi. Profesa mmoja akauliza: utajuaje ni sheria na si uchaguzi? 2017 tulipiga kura Agosti, Mahakama ya Juu ikafuta matokeo Septemba, tukarudi tena Oktoba. Nani alikuwa anakopesha wakati huo? Mwingine akaongeza: na benki zilizoanguka kabla ya hiyo sheria je? Dubai Bank na Imperial 2015, Chase Aprili 2016. Mikopo ilikuwa imeanza kupoa kabla Uhuru hajashika kalamu. Yule dada akajibu moja, akakubali nusu ya lingine, akaandika kwa daftari. Hakukasirika. Mimi ningekuwa nimeshawablock wote.

Nilichokuwa naangalia mimi ni ile mstari inayoshuka. Kwa sababu nilikuwa namjua mmoja wa watu waliomo ndani yake.

Mathe anauza mtumba Gikomba, nguo za watoto. 2014 alichukua mkopo wa benki, akalipa. 2015 tena, akalipa. Riba ilikuwa kali, alikuwa akiilaani kila mwezi, lakini alilipa na Desemba alikuwa na mzigo. Oktoba 2017 akarudi kwa tawi lile lile kuomba 80,000 za kununua mabale ya Krismasi. Afisa alikuwa mpole sana. Alimwita "mama", akamletea maji. Akamwambia kwa sasa wanapeana kwa wenye mshahara au wenye hati ya shamba. Mathe hana mshahara, na shamba la kina babu lina majina ya watu waliokufa. Akatoka na yale maji. Alituambia jioni kwamba labda ni sura yake imezeeka.

Kusema ukweli hadi hiyo Jumatano mimi nilikuwa nadhani ni huyo afisa. Miaka yote nimekuwa nikimchukia mtu mmoja mwenye tai. Kumbe ile sheria niliyoipigia makofi darasani ndiyo ilifunga ule mlango.

Basi mathe akaingia kwa simu. Apu ya kwanza ilimpa 2,000. Akalipa, ikampa 5,000. Biashara ya mabale haiendeshwi kwa 5,000, kwa hivyo akachukua apu ya pili, kisha ya tatu ili alipe ya kwanza. Kufika 2019 zilikuwa nne. Siku moja akachelewa, nafikiri ilikuwa siku tisa, na wale watu wakaanza kupiga simu. Hawakumpigia yeye. Walinipigia mimi nikiwa kwa foleni ya chakula. Walimpigia mzee wa kanisa. Na walimpigia yule mzee wa mabale, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimpa mathe bale moja Jumatatu na kungoja pesa Jumamosi, bila karatasi yoyote, kwa neno tu.

Mzee wa mabale hakusema kitu kibaya. Alianza tu kutaka pesa taslimu. Hiyo ndiyo iliua ile biashara ya zamani. Ile riba mathe angeilipa, alikuwa amezoea riba. Kilichomwangusha ni kwamba mtu asiyemjua alichukua jina lake jema, lililojengwa kwa miaka 15, akalichoma kwa simu ya dakika mbili.

Sasa rudi chumbani. Nikaweka kamera kwa stendi, nikainua mkono. Moyo ulikuwa unapiga, wacha nisidanganye. Nikasema, samahani, mimi ni wa kamera tu, lakini hao waliotoka kwa grafu, walienda wapi?

Kimya. Halafu yule dada akasema, "Hilo ndilo shimo la utafiti wangu." Akaeleza vizuri bila kuzunguka. Benki zinalazimishwa na sheria kupeleka hesabu zao Benki Kuu, kwa hivyo mkopo wa benki unaonekana. Apu nyingi za wakati huo hazikuwa chini ya mtu yeyote. Hazikupeleka hesabu zao Benki Kuu. Mtu akitoka benki akaingia kwa apu, kwa macho ya mtafiti ni kama amekufa. Mstari unashuka, basi.

Nimelifikiria hilo jibu kwa wiki tatu. Kabla sheria ikuadhibu au ikulinde, kwanza inaamua kama utaonekana. Asiyeripotiwa haonekani, asiyeonekana hapimwi, na asiyepimwa hana grafu ya kubebewa bungeni. Na msidhani grafu ni mapambo. Hazina na Benki Kuu zilisimama na hoja za aina hiyo hiyo kutaka kikomo kiondolewe. Mahakama Kuu ilikuwa imeshasema Machi 2019 kwamba vifungu vyenyewe havieleweki, na Novemba mwaka huo kikomo kikafutwa kupitia Sheria ya Fedha. Upande mmoja ukasema benki zinatunyonya. Upande wa pili ukasema kikomo kinawafungia wadogo. Wote walikuwa wanamtaja mathe bila kumjua, na hakuna aliyekuja na hesabu ya kilichompata kati ya Oktoba 2017 na ile simu ya mzee wa mabale.

Maoni yangu kuhusu kikomo, maana najua mtaniuliza: ile hasira ilikuwa ya haki lakini ilitupa jiwe kwa dirisha lisilo lake. Sheria ilishika neno "riba" ikaliwekea kamba. Mtu mwerevu anafanya nini? Anaacha kuiita riba. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilikuwa inatoza 7.5% kwa mkopo wa siku 30, na jina lake lilikuwa ada. Si riba, ni ada. Zidisha mara 12 uone: 90% kwa mwaka. Benki inakatazwa kuvuka 14 kwa mlango wa mbele, na kwa simu yako hiyo hiyo kuna 90 imekaa kihalali kabisa kwa sababu ya jina. Nani kati yetu aliliona hilo 2016? Wanasheria waliliona, nina uhakika. Lakini walikuwa wanaambiana wao kwa wao, Jumatano saa nane.

Na sheria ya kutulinda ilikuja lini? Aprili 2020 Benki Kuu ilizuia apu zisizosimamiwa kupeleka majina yetu CRB, na waliokuwa wamewekwa huko kwa deni la chini ya shilingi 1,000 wakatolewa. Desemba 2021 sheria ikabadilishwa ili Benki Kuu iwasimamie wakopeshaji wa kidijitali. Machi 2022 zikatoka kanuni zinazokataza kumtisha mtu, kumtukana, au kupigia watu walio kwa simu yake. Septemba 2022 wa kwanza 10 wakapewa leseni, kati ya zaidi ya 280 walioomba. Yaani wengine wote walikuwa wakituandama bila mtu kuwauliza wao ni nani. Kutoka kikomo hadi hizo kanuni ni zaidi ya miaka mitano. Hiyo ni Krismasi sita za mathe.

Kwa hivyo lalamiko langu la kwanza nalipeleka kwa nyinyi wasomi, na nawaambia kwa heshima kwa sababu mlinipa sambusa. Mlango wenu uko wazi tu kwa maneno. Tangazo la warsha liko kwa ubao wa idara, ghorofa ya tatu. Askari wa geti anataka kitambulisho cha chuo, na mimi mwenyewe alinirudisha hadi nikaonyesha kamera. Saa nane siku ya kazi, ni mama gani wa Gikomba au msee wa bodaboda atafunga kazi aje? Na lugha. Nilikaa warsha tatu na neno la Kiswahili nililosikia ni "karibuni chai".

Nilimuuliza profesa mmoja nje, tukiwa kwa parking, kwa nini hata dakika kumi zisiwe kwa Kiswahili. Akasema, bila ubaya, kwamba istilahi hazipo. Buda, nakuheshimu, lakini hapo umenikosea. Rehani ipo. Dhamana ipo. Mdai, mdaiwa, mfilisi, riba, amana, mdhamini, yote yapo, na mengine yamekuwa yakifanya kazi Mombasa na Lamu kabla ya hiyo 1897 yenu. Nenda ukae kwa chama cha mathe Jumapili. Wako wanawake kumi. Wana katiba ya kurasa nne iliyoandikwa kwa mkono. Wana faini ya kuchelewa. Wana utaratibu wa nani anapokea kwanza na kwa nini yule mwenye biashara ya msimu asipewe zamu ya Januari. Mwaka juzi walimtoa mwanachama kwa kura baada ya kumsikiliza, na wakamrudishia akiba yake wakakata deni. Hiyo ni sheria ya ufilisi imefanywa kwa chai na mandazi. Mkikosa neno mtafundishwa neno.

Siombi mengi. Warsha moja kati ya nne iwe Jumamosi asubuhi, mtaani, hata ukumbi wa kanisa. Kila anayeleta utafiti kuhusu wakopaji alete mkopaji mmoja, akae pale mbele, apewe maiki kama wale wengine na aruhusiwe kukata mtu kwa slaidi ya pili. Katiba yetu inasema Bunge lazima lishirikishe wananchi, kifungu cha 118, na sote tunajua hiyo hufanywa namna gani: tangazo dogo gazetini, siku chache, barua pepe. Ikiwa utafiti ungekuwa umeshazunguka mtaani kabla ya mswada, watu wangekuwa na kitu cha kusema zaidi ya "tunakataa".

Lalamiko la pili ni letu sisi, na hapa najishika kwanza. Nilirudi nikaangalia video zangu za zamani. Ile niliyoigiza mtu wa apu akimpigia nyanya wa watu ilitazamwa sana. Nilipata wafuasi, nikapata kazi, ile kamera niliyobeba chuoni ilitokana nayo. Nilifanya kichekesho kutokana na kitu kilichomuua mathe kibiashara, na kwa sekunde zote 60 sikuwaambia watu mahali pa kushtaki. Sikujua. Sikuwa nimeuliza.

Warsha ya tatu ndiyo ilinikamilisha. Ilikuwa kuhusu sheria ya 2017 ya kuweka rehani mali inayohamishika. Nitaipitia haraka kwa sababu inastahili post yake. Sheria hiyo inakuruhusu kukopa kwa kuweka kitu kisicho ardhi: cherehani, pikipiki, ng'ombe, mzigo wa dukani, hata pesa unazodai watu. Kinaandikwa kwa sajili ya mtandaoni, na unaendelea kukitumia. Hesabu hiyo miezi. Ilipitishwa mwaka ule ule mathe aliambiwa alete hati ya shamba. Alikuwa na mashine mbili za kushona na stoo ya nguo. Sidai kwamba angepata ile 80,000, benki bado ina haki ya kukataa, na mle chumbani walisema wazi kwamba sheria kuwepo ni jambo moja na benki kuitumia kwa mtu mdogo ni jambo lingine. Lakini angalau angeuliza. Mtu huwezi kuomba mlango ambao hujui uko.

Najua kuna wale mtasema hawa watafiti wanapewa ufadhili, wanaandika, wanapanda cheo, na mtaani hakuna kinachobadilika. Nilikuwa hapo hapo mlipo. Bado nina shaka kidogo, hasa nikikumbuka vile viti 49 vilivyokuwa vitupu. Lakini yule dada alifanya kitu ambacho sijaona mwanasiasa akifanya, wala sisi wa video: alisimama mbele ya watu akasema hapa sijui, hapa pana shimo. Halafu baada ya warsha alinifuata nikikunja nyaya. Akauliza kama mathe alihifadhi chochote, hata ujumbe wa simu.

Ujumbe ulifutika na simu ya zamani. Lakini mathe ana vitabu viwili vya hesabu, vile vya jalada jekundu. Aliandika kila mkopo. Tarehe, apu gani, kiasi, siku ya kulipa, siku aliyolipa, na pembeni kwa penseli alichonunua au nani alimpigia. Kuna ukurasa wa 2019 una maneno mawili tu: "Wamempigia mzee." Hiyo ndiyo data ambayo haiko Benki Kuu, haiko chuoni, haiko popote isipokuwa chini ya godoro lake.

Nilimpelekea ombi jioni hiyo. Nilijitahidi kueleza: mama, kuna msomi, anataka kuona vitabu vyako, atafunika jina lako, ni kwa ajili ya utafiti. Akanisikiliza hadi mwisho huku akichambua sukuma. Akauliza, "Huyo msichana ameshawahi kukopa?" Nikasema sijui. Akauliza ataandika kwa lugha gani. Nikasema Kiingereza. Akanyamaza. Nilidhani imekufa.

Kisha akasema vitabu havitoki nyumbani, vimeshatoka vya kutosha vitu vyake bila yeye. Akitaka kuvisoma aje Gikomba, akae kwa stuli, asome hapo hapo, na asichokielewa amuulize mwenyewe. Asije alfajiri wakati wa kufungua mabale maana hakuna mtu ana muda. Na akiwa na mtoto, amletee vipimo.

Nimemtumia yule dada ujumbe wa sauti na maelekezo ya kufika. Amejibu kwamba anakuja Alhamisi, na ameuliza avae viatu gani kukiwa na matope.